Mchujo Uliokosa Siku

Mzee Gibson alikuwa akitazama mawingu tangu saa sita, na sasa hakuweza kukaa. Aliinuka kwenye benchi ya wazazi, akatembea hadi kwenye goli, akarudi, akaketi, akainuka tena.

"Mzee, tulia. Utamaliza nyasi," Mwalimu Dorcus, msimamizi wa michezo, alimtania.

"Anza mbio za wasichana, mwalimu. Hii mvua haitangoja."

"Wavulana hawajamaliza kuruka. Wakimaliza tu, wasichana wanaingia."

Shule yao ya sekondari msingi, huko juu ya Kiptere, ilikuwa na nafasi moja tu ya msichana wa mita elfu moja na mia tano kwenye mashindano ya kaunti. Walioiwania kweli walikuwa wawili: Yunia, binti wa Mokaya wa kiwanda cha chai, na Chemutai, mjukuu wa Mzee Gibson mwenyewe. Miaka yote mchujo ulifanywa Jumamosi, na Jumamosi Yunia hakimbii. Wao ni Wasabato, na Sabato yao huanza Ijumaa jua linapozama. Mwaka uliopita alikaa nyumbani, na shule ikapeleka msichana ambaye Yunia humwacha nyuma hata wakienda mtoni. Mwaka huu Mokaya alikuja mbele ya bodi ya shule kuomba siku nyingine, na mwalimu akapendekeza Jumapili.

Aliyekataa ni Mzee Gibson, mwenyekiti wa bodi na mzee wa kanisa. "Jumapili ni ya Bwana," alisema.

"Na Jumamosi ni ya nani, mzee?" Mokaya aliuliza kwa upole.

Wajumbe walicheka. Mzee hakucheka. Alitoa Ijumaa alasiri, akaondoka mkutanoni akijiona mtu wa haki. Watu waliozaliwa katika nchi hii ya chai, wanaojua kwamba msimu huu mvua huripoti kila alasiri kama mfanyakazi wa zamu, walipitisha Ijumaa alasiri bila hata mmoja kukohoa.

Na Ijumaa hii ilianza kwa kishindo juu ya mabati. Mvua ya mawe. Wote walikimbilia darasani, na wakiwa dirishani waliona uwanja ukiwa mweupe, kisha ukiwa ziwa. Yunia alirukaruka pembeni kuipasha miguu moto. Mzee Gibson alienda mlangoni, akanyoosha mkono nje, akaurudisha umelowa, akaenda tena.

"Jua linazama saa ngapi leo?" aliuliza.

"Litazama tu, mzee," Mokaya alimjibu. "Halituulizi."

Mvua ilipopungua, mwanga ulikuwa umeanza kuondoka. Kipkurui, mmoja wa wazazi, alichungulia nje. "Hapa mtoto atavunjika mguu. Tukimbie kesho asubuhi, tumalize hii maneno."

"Kesho!" wengine wakaitikia.

Mokaya alivua koti, akamfunika binti yake. "Twende, mama."

"Baba, maji yanapungua. Ona."

"Sabato inaingia."

Yunia aliacha kurukaruka.

Mzee aliwatazama wakishuka ngazi. Nafasi sasa ilikuwa ya Chemutai, na hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Si mvua ilitoka mbinguni? Lakini Chemutai alimvuta mkono wa sweta.

"Kugo," alisema, maana ndivyo Wakipsigis wanavyomwita babu, "nikishinda kesho watasema nimeshinda mvua."

"Wewe hutaki kwenda?"

"Nataka! Lakini na yeye akiwepo."

Mzee alitoka nje bila kofia. "Mokaya! Ngoja. Jumapili, saa tisa, tukishatoka kanisani."

Kipkurui alipiga mluzi. "Jumapili si ni ya Bwana? Ama amehama?"

"Nilisema hivyo," Mzee akajibu. "Siku yangu niliilinda, yake nikaiachia mvua. Mtu wa kanisa akiwa na swali aniulize mimi, asimsumbue mwalimu."

Jumapili mhubiri alikuwa na mengi. Mzee Gibson aliegemea kushoto, akaegemea kulia, akavuka miguu.

"Umekalia siafu?" mkewe Janeffer alimnong'oneza.

Kabla ya wimbo wa mwisho aliinuka, yeye mzee wa kanisa, akapita katikati ya viti huku vichwa vikigeuka kumfuata.

Uwanjani walikuwa wanajipanga. Mwalimu Dorcus alipuliza filimbi. Mizunguko miwili ya kwanza Chemutai aliongoza, Yunia akimkalia begani kama kivuli. Mzunguko wa tatu walikuwa sawasawa. Kwenye kona ya mwisho Yunia alitoka nje kidogo, akapita, na hakushikika tena.

Mokaya alisimama na mikono kichwani, hajui acheke au alie. Chemutai alibaki amelala kwenye nyasi mpaka watu walipomruka kwenda kumbeba mwenzake.

Njiani, katikati ya mashamba ya majani chai, alitembea mbele ya babu yake, viatu mkononi.

"Umekimbia vizuri sana," Mzee alisema.

"Usiniambie kitu, Kugo."

"Lakini wewe ndiye uliyetaka awepo."

"Najua nilitaka!" Aligeuka, macho mekundu. "Si ungekataa tu? Wewe hukataa kila kitu."

Huko nyuma bado walikuwa wakiliimba jina la Yunia. Mzee aliongeza mwendo amfikie mjukuu wake, kisha akapunguza, kisha akaongeza tena, asijue kama anahitajika karibu au mbali.