Bibi Aliyeambiwa Asubiri

Jumatatu asubuhi Raheli aliingia kazini na ndoo yake, akaanza kudeki ukumbi mrefu unaotoka mapokezi kwenda wodi ya wanawake. Alipofika kwenye benchi akasema kama anavyomwambia yeyote aliyekaa pale, "Bibi, inua miguu." Bi Somoe akainua miguu. Raheli akadeki chini yake, akamshukuru, akaendelea. Alikuwa amefika mlangoni mwa wodi ndipo alipokumbuka kwamba Bi Somoe alifariki Alhamisi, na kwamba ndugu zake walikuja na gari la kukodi wakamchukua kwenda kumzika kwao Kitaya, kando ya mto. Akageuka. Bibi alikuwa amekwisha kushusha miguu, na pale palipotoka kudekiwa palikuwa na mchanga laini wa kando ya mto.

"Bibi, si ndiyo nimetoka kudeki hapo," alisema Raheli, akaenda kuchukua ufagio.

Upendo, muuguzi wa wodi ile, alifika wakati wa kubadilishana zamu. Alikuwa msichana wa Njombe, hajamaliza hata miaka miwili tangu atoke chuoni. Katika chumba alichopanga Likombe alihifadhi ule mshumaa aliouwasha siku ya kula kiapo cha uuguzi, ameufunga kwenye leso, na mara nyingine aliufungua akautazama tu. Hospitali ya Mkoa ya Namkwacha ndiyo ilikuwa kituo chake cha kwanza, na aliipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Alimsikia Bi Somoe kabla hajamwona. Pumzi yake ilitoka kwa mluzi mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango wa bati, vilevile ilivyokuwa Alhamisi. Upendo alipokaribia, bibi aliegemeza kiganja kwenye benchi akanyanyuka kidogo, kama mtu aliyeona zamu yake imefika. Upendo akainamia mkoba wake kama anayetafuta funguo, akapita. Nyuma yake alisikia benchi likilia bibi alipokaa tena.

Mambo ya Alhamisi yalikuwa hivi. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa wamelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Bi Somoe aliletwa na mjukuu wake, Mwanaisha, kifua kimembana tangu alfajiri. Daktari alimpima akasema awekewe oksijeni upesi. Upendo akamketisha kwenye benchi, akamshika mkono akamwambia, "Bibi, subiri hapahapa. Nakuletea mashine sasa hivi." Akaenda mbio stoo, na kweli mashine moja ilikuwepo, haina mtu.

Alikuwa anaisukuma kurudi ukumbini alipokutana na Sista Theresia, mkuu wa wauguzi. Sista Theresia alisema mashine iende chumba cha daraja la kwanza. Kulikuwa na mzee wa heshima aliyekuja na kikohozi, na watu wake walitaka iwe karibu, likitokea la kutokea.

"Kuna bibi kwenye benchi, Sista. Nimemwambia asubiri."

"Upendo, umesikia nilivyosema?"

Upendo alikuwa amesikia. Aliisukuma mpaka kwenye kile chumba, akaiweka kando ya kitanda. Mzee alikuwa anatazama mpira kwenye runinga. Alimshukuru Upendo, akamwomba asogee kidogo maana alikuwa amemziba.

Baada ya hapo angeweza kurudi kwenye benchi akasema neno. Alilitafuta hilo neno, hakulipata. Basi akazunguka nyuma ya jengo, akapita katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akaingia wodini kwa mlango wa uani. Alijiambia atakwenda akishalipata. Jua lilikuwa halijazama aliposikia kilio cha Mwanaisha kutoka ukumbini.

Wiki ile hospitali ilimzoea Bi Somoe. Walinzi walimwamkia wakipita. Wagonjwa wageni, kwa kumwona ametulia, walidhani anapajua mahali pale, na kwa kuwa alikaa hapo mchana kutwa, kweli akapajua. "Maabara ni kule, mwanangu," aliwaambia kwa ile pumzi yake ya mluzi. "Ukikuta dirisha limefungwa usigonge, wanakunywa chai." Raheli alifagia mchanga kila asubuhi, na kila asubuhi ulikuwepo mwingine. Mwishowe akauona ni mchanga mzuri mno kutupwa. Akautia kwenye ndoo iliyopasuka, akapanda mchaichai, ukashika.

Upendo peke yake ndiye aliyekuwa akizunguka nyuma. Aliyajua mashuka yote yaliyotobolewa na dawa. Asiporuhusiwa na kazi kuzunguka, alipita ukumbini akiwa ameshika kitu mkononi, trei au kopo, na kila alipopita bibi alinyanyuka kidogo, kisha akakaa.

Mwanaisha alirudi matanga yalipokwisha, amebeba uji wa muhogo kwenye chupa ya chai. Bibi yake hakunywa, ila aliomba afunguliwe kifuniko anuse. Mwanaisha akakaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, kisha akamkuta Upendo penye bomba la maji.

"Dada nesi, tulimzika vizuri," alisema. "Watu walijaa. Lakini hakuna aliyemwota, hata mimi niliyekuwa nalala naye. Mama akasema, huyu hajaondoka, yuko kwa watu."

"Pole, mdogo wangu."

"Tumekwisha kupoa. Ni tabia yake tu. Bibi haondoki kwa mtu bila ya mwenyeji wake kuja. Mwaka juzi alikwenda kwa shemeji yake Mikindani, shemeji akamwambia, kaa hapo barazani nafuata samaki. Yule bwana akapata safari akasahau. Kesho yake asubuhi akamkuta bibi barazani, na kanga imelowa umande." Mwanaisha alicheka kidogo, akajifuta jicho. "Shemeji anamwambia, si ungekwenda zako? Bibi anamjibu, ningekwendaje nawe umeniambia nikae?"

Upendo alifungua bomba, akanawa mikono ambayo ilikuwa safi.

"Ni nani aliyempokea siku ile?" aliuliza Mwanaisha. "Mimi nilikuwa nalia, sikumshika sura. Nilitaka nimwambie aje tu amuage. Hatuna ugomvi naye."

"Nitamtafuta," alisema Upendo.

Katika kikao cha asubuhi suala la bibi wa kwenye benchi lilifika mezani baada ya suala la glavu. Daktari mmoja alisema kitabibu hana la kufanya, maana bibi alikwisha kuthibitishwa kuwa amefariki. Mtu wa usafi alilalamikia mchanga. Mfamasia, aliyekuwa mtu wa pwani, akasema hilo jambo ni dogo, aliyemwambia asubiri aende akamruhusu.

"Ni nani aliyemwambia?" aliuliza mwenyekiti.

Kila mmoja akatazama mikono yake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Sista Theresia alimtazama Upendo, Upendo akamtazama Sista Theresia.

"Benchi lenyewe ni fupi," alisema Sista Theresia. "Bibi amechukua nafasi ya wagonjwa. Mimi napendekeza litengenezwe jingine, refu zaidi."

Wakakubaliana.

Siku ile Upendo hakula mchana. Alifungua mkoba, akaufunga, kisha akatembea ukumbini mikono mitupu. Bi Somoe aliponyanyuka, Upendo hakupita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

"Nimekuja."

"Karibu ukae." Akasogea pembeni kumpa nafasi, kama mwenye nyumba. Upendo akakaa. Mchanga ulikuwa umeingia mpaka kwenye mipasuko ya mbao, na benchi lilikuwa la baridi upande aliotoka bibi.

"Kazi nyingi," alisema Bi Somoe.

"Si kazi, bibi. Mashine niliipata siku ileile. Niliisukuma kwa mikono yangu nikaipeleka kwa mtu mwingine. Nikaona haya kukurudia, nikapita kule nyuma."

"Nilikuona kupitia dirishani. Ulipita kwenye mashuka. Mwanaisha aliona mgongo wako akataka kukuita, nikamwambia mwache, huyo kasema, atakuja." Alivuta pumzi, mluzi ukapanda ukashuka. "Huyo mwingine, alipona?"

"Alikuwa haumwi sana. Alitoka kesho yake kwa miguu yake."

"Alhamdulillahi," alisema bibi, na alimaanisha.

Upendo akamgeukia. Alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. "Nisamehe, bibi. Na sasa nakuruhusu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Bi Somoe alimpapasa goti. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyepanda mihogo umri mzima.

"Msamaha nilikwisha kukupa, mwanangu. Wala usinililie hapa, watu watadhani nimekutukana. Lakini mimi hukuniambia nisubiri ruhusa. Uliniambia nisubiri mashine."

"Bibi, mashine sasa itakusaidia nini?"

"Hilo silijui. Mimi najua nilichoambiwa. Ikija, nitaondoka."

Upendo akaenda kwenye chumba cha daraja la kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa. Kupitia kioo aliona kitanda kimetandikwa, hakina mtu, na kando yake mashine, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua, kama runinga ya sebuleni. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Sista Theresia, pamoja na msalaba wake.

Sista Theresia alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi ile tangu Upendo hajazaliwa, na miguu yake ilivimba kila jioni.

"Mdogo wangu, tukiitoa mle, halafu akaja mtu mkubwa, tutasema nini?"

"Na akija mtu mdogo?"

"Mtu mdogo anasubiri," alisema Sista Theresia. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaja jina la mtaa. "Mimi nilipokuwa kama wewe nilikataa mara moja. Nilihamishiwa mahali ambapo hata bandeji tulikuwa tunafua. Unadhani wale wagonjwa niliowaacha walipata nini?" Akavua viatu chini ya meza. "Mwambie bibi yako benchi linakuja."

Benchi likaja. Lilitengenezwa kwa mbao za mninga, likapigwa vanishi, na lilienda kutoka mlango wa mapokezi mpaka karibu na wodi. Mafundi walimwomba Bi Somoe asimame kidogo, akasimama. Walipoliweka sawa akachagua kukaa mwishoni kabisa, kwenye mlango wa wodi, ili asiwe njiani. Raheli akasogeza ndoo ya mchaichai karibu naye. Watu walisema ukumbi sasa umependeza.

Hassani alikuja juma lililofuata. Alikuwa mpakiaji wa korosho bandarini, kijana mwenye mabega, na vumbi la magunia lilikuwa limemkaa kifuani muda mrefu. Mkewe alimshika upande mmoja, mwendesha bodaboda upande mwingine. Mashine za wodini zote zilikuwa na watu. Upendo alimketisha, na maneno yakamjia mdomoni kwa njia yao ya kila siku, akayang'ata. Akasimama mbele ya Hassani, naye Hassani akamtazama, akingoja aambiwe.

Ilikuwa ni Bi Somoe aliyesema, kutoka mwisho wa benchi. "Kaa, mwanangu. Egemea ukutani, inasaidia kidogo. Wamekwenda kukuletea."

Upendo akakimbia. Alimwomba Sista Theresia ufunguo, na Sista Theresia akaushika pale kifuani, akaushika kwa mkono mzima, akasema kuna ugeni kutoka makao makuu na umekwisha kupita Mingoyo. Upendo alipiga kelele, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akifanya. Kisha akaenda akausukuma ule mlango kwa bega. Ulikuwa mlango mzuri, wa mninga uleule, haukufunguka.

Safari hii hakuzunguka nyuma. Alirudi ukumbini mikono mitupu, akakaa kando ya Hassani, akamshika mkono na kumwambia mashine ipo na kwamba wamemnyima. Hassani akatikisa kichwa kuwa amesikia. Mkewe pia alisikia. Wageni waliingia baada ya adhuhuri, wakalisifu benchi. Hassani alifariki kabla ya alasiri, wakamzika kesho yake.

Siku ya tatu Hassani alikuwa amekaa kando ya Bi Somoe, amevaa shati lake la kazi lenye unga wa maganda ya korosho mabegani. Raheli alimwambia ainue miguu, akainua. Bibi alimwonyesha maabara iko wapi, maana watu wangemuuliza.

Upendo hajaomba uhamisho. Kila anapoingia zamu hupita ukumbini, mbele ya benchi, hana kitu mkononi. Bi Somoe na Hassani humwona akija, huegemeza viganja kwenye mbao, wakanyanyuka kidogo. Yeye husimama.

"Bado," huwaambia.

"Haya, mwanangu," hujibu bibi, nao hukaa. Kisha husogea kidogo upande wa ukuta, kwa sababu mchana watu huwa wengi.