Grisi Aliyoipaka Yeye

Wakubwa wa barabara walituandikia ukutani kwa rangi nyekundu: ONDOKA. Hawakuandika uende wapi. Barabara inapanuliwa, karakana yangu ya miaka ishirini na sita imeangukia ndani ya barabara, mwisho ni Ijumaa. Na wakubwa hao hao walikuwa wamesema mwezi ujao. Siku ya Jumatano wakabadilisha, wakaenda zao kula.

Alhamisi asubuhi mkwe wangu akaja na pikapu yake. Anauza magodoro, na kwa miaka mingi nilikuwa namwita bwana magodoro, mbele yake na nyuma yake. Binti yangu alikuwa ananinunia kwa hilo. Sasa yeye ndiye aliyenitengea chumba cha bati uani kwake niweke mashine yangu, na ndiye aliyekuja kuibeba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo gari itabeba kilo mia saba, au imezoea kulaliwa na sponji?"

"Itabeba. Ila magodoro hayajawahi kunitukana njiani."

Jirani yangu mchomeleaji, aliyekuja kutusaidia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mkwe wako ana mdomo," akaniambia. "Umepata saizi yako."

Mashine yenyewe ni ya kukereza vyuma. Imesimama kwa miguu miwili mizito, mwili wake ni mrefu, una reli mbili juu, na upande mmoja una kichwa chenye mota na gia. Uzito wote uko kichwani, kama mlevi. Ukiifunga miguu peke yake, kiwiliwili kinayumba kinataka kulala. Lazima mkanda upite juu ya reli, karibu kabisa na kichwa.

Tuliinyanyua kwa mitaimbo, tukaisukumia mabomba chini yake. Unasukuma, bomba la nyuma linabaki, unalichukua unalikimbiza mbele. Kazi hiyo ya kukimbiza bomba alikuwa anaifanya mke wangu kila tulipohamisha kitu kizito, na alikuwa ananiimbia matusi madogo madogo nisizubae. Safari hii bomba lilibaki nyuma mara mbili kabla hatujashtuka kwamba hakuna anayelichukua. Mkwe akalikimbilia.

Tulipofika mlangoni nikavuta turubai. Miezi minane sikuwa nimelivuta.

Kila Jumamosi mke wangu alipaka zile reli grisi zisishike kutu. Hakutumia brashi. Alisema brashi inabembeleza tu, chuma kinataka kuguswa. Alichota kwa vidole vinne akavuta toka kichwani mpaka mwisho, mara moja, bila kuinua mkono. Jumamosi ya mwisho alipaka huku anahema, Jumatatu nikampeleka hospitali. Mtambo wa hewa wa wodi ulikuwa mbovu. Nilikwenda kuuchungulia mwenyewe, nikaona ni bushi imeliwa, kile kipete cha chuma cha ndani, kitu cha nusu saa kwenye mashine yangu. Nikamwambia mkubwa wao, nipe nikakereze, sitaki hata asante. Akaniambia niandike barua, itajadiliwa kwenye kikao. Mimi niliishia darasa la tatu. Barua za nyumba yetu zote aliandika yule aliyelala pale kitandani akitafuta pumzi.

Hawakunipa bushi. Nikarudi karakana peke yangu, nikakuta mistari yake minne kwenye kila reli, imetulia. Nikafunika. Wateja nikawaambia mota imeungua.

Kwa hiyo mkwe alipovuta mkanda juu ya reli nilimwambia apitishe taratibu, asivuruge. Hakuuliza. Akafunga miguu kwa minyororo, akapitisha mikanda miwili juu, akakaza. Mchomeleaji akagonga ubavu wa pikapu: "Nendeni, na msimtupe bibi harusi!"

Tulikwenda vizuri mpaka tuta la pili. Gari ilipopanda na kushuka nilisikia chuma kikiguna nyuma. Mkwe akatazama kioo, akasimama pembeni pale pale. Tukashuka. Mikanda yote miwili ilikuwa imeteleza kutoka kichwani mpaka katikati, na mashine imeinama upande wa watembea kwa miguu. Akairudisha, akakaza tena, akaisukuma kwa bega. Mkanda ukateleza mbele ya macho yetu.

"Baba, hapa pana grisi. Nipanguse kidogo tu, upana wa mkanda."

"Usiguse!"

Nadhani nilipiga kelele, maana mama mmoja aliyepita na ndoo alisimama. Mkwe akarudisha mkono kama aliyeunguzwa. Basi nikamwambia. Nilimwambia nikitazama tairi, maana sikuweza kumtazama yeye: vidole, Jumamosi, miezi minane.

Akatoa kipande cha mpira nyuma ya kiti, akakilaza chini ya mkanda. Kikateleza. Akavua shati, akalikunja, akajaribu nalo. Likateleza pia, na shati likaharibika. Alisimama na singlendi yake barabarani, mtu mzima, mwenye duka, anakuna kichwa.

"Tufunge mwisho kule, kwenye upande mwepesi?" akauliza.

"Hapana. Itazunguka."

Mbele yetu ulikuwa mteremko mrefu, unaishia sokoni. Watu wamejaa pembeni, wengine wamepanga bidhaa zao chini hatua mbili kutoka barabarani.

"Hii mashine ni yako, baba," akasema. "Ukiniambia twende hivi hivi, nitaendesha mwendo wa kobe na Mungu atatuona. Ukisema tupanguse, utapangusa wewe. Mimi sitaigusa."

Nilitaka kusema twende. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikatazama ule mteremko, kuna mtu kakaa na nyanya zake, hajui kwamba huku juu wawili wanajadili. Nikamkumbuka mkubwa yule wa hospitali na kikao chake. Na yeye labda alikuwa na kitu chake alichokuwa anakilinda, sijui, na sitaki kujua. Sijamsamehe. Lakini sikutaka tufanane hata kwa dakika moja.

"Lete kitambaa," nikasema.

Akaninyooshea shati lake. Nikalikataa. Nikapanda nyuma, nikapiga magoti, nikaweka vidole vyangu vinne juu ya mistari ya mke wangu. Vidole vyangu ni vinene, havikuingia sawasawa. Nikavuta, toka kichwani, polepole. Kwanza upana wa mkanda. Halafu nikaona kubakiza kipande ni kujidanganya, na kwamba alivyopaka yeye hakusimama katikati. Nikavuta mpaka mwisho bila kuinua mkono. Reli ya pili vile vile. Chini chuma kilikuwa kinang'aa, hakina kutu hata chembe. Miezi minane, na hakina kutu.

"Kazi nzuri aliifanya," mkwe akasema kwa sauti ya chini.

"Kaza mkanda, mwanangu."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, na wote wawili tukajifanya hatukusikia. Akakaza. Akasukuma kwa bega, mashine haikutikisika. Alinifungulia mlango kwa sababu mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, akanifunga mkanda wa kiti kama mtoto. Tukashuka mteremko. Niliweka mikono wazi juu ya magoti njia nzima, viganja juu, nisishike chochote.

Binti yangu alikuwa anatusubiri getini. Aliona mume wake na singlendi, akanitazama mimi, akatazama mikono.

"Baba, njoo unawe. Nimeshatia maji kwenye karai."

"Bado kidogo," nikamwambia. "Mama yako huyu."

Hakuelewa, au alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Aliniangalia kidogo tu. Kisha akaziba nafasi kati yetu, akaingiza vidole vyake katikati ya vyangu, grisi yote, akabana, na tukasimama hivyo getini huku mkwe akianza kufungua minyororo.