Imondo ya Mgeni

Kwetu Mayoni kuku akichinjwa, imondo haipewi kila mtu. Ile firigisi ni ya mwenye boma, na mgeni wa heshima akiwepo, ni yake. Mzee wangu alipofariki, imondo ikawa ya mjukuu wangu Chrispinus. Alikuwa anaikatanga vipande viwili, kimoja ananipa nyuma ya jiko, kwa sababu mwanamke haruhusiwi kuila.

"Kula, Kukhu," ananiambia. "Kuka huko alipo haoni." Kuka ni babu yake, huyo mzee wangu.

Miwa yetu ilikomaa mpaka ikatoa maua. Kiwanda kilikuwa kimesimama, trekta za kubeba hazikuja. Chrispinus akaendesha bodaboda ya mtu, mwenye nayo akaichukua. Akafyatua matofali, mvua ikayala. Miaka mitatu hivyo. Akawa analala mpaka saa sita mchana na mimi namwacha, kwa sababu mtu aliyelala haulizi chakula.

Ndipo akaja Philemon, mtu wa upande wa Khwisero, viatu safi. Alisema anatafuta vijana wa kujenga hoteli Lamu. Aliombea chakula kuliko hata pasta wetu. Nilimchinjia kuku wangu wa mwisho aliyekuwa akitaga, nikaweka imondo kwa sahani yake. Chrispinus aliitazama ikipita mbele yake.

"Leo nimepinduliwa," akasema. Tukacheka wote. Asubuhi mimi ndiye nilimpigia Chrispinus shati pasi ya safari, wakaondoka na Philemon.

Miezi minane kimya. Kisha polisi wakaja na picha: mjukuu wangu ana ndevu, ameshika bunduki, katikati ya watu wa Al-Shabaab huko Somalia. Niliwaambia huyo ni mtoto wa kanisa, alikuwa anapiganga ngoma Jumapili.

"Mama," mmoja akasema, "wote walikuwa wanapiga kitu."

Chifu alinieleza polepole: "Akipiga simu, mwambie arudi ajisalimishe kwangu. Atasamehewa." Lakini Joash, mtoto wa jirani yangu Edah, alirudi na akajisalimisha. Alilala kwao siku tisa. Ya kumi wakaja watu na gari lisilo na namba, wakamchukua. Edah amezunguka kila kituo, wanamwambia hawamjui. Siku hizi akinisalimia haniangalii. Philemon alitoka kwangu ndipo akaenda kwake kumchukua Joash.

Jumamosi nilikuwa napepeta maharagwe, simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Kukhu."

Nikakaa chini kwenye udongo.

"Ni mimi. Usilie, hakuna wakati. Nimewatoroka. Kuna mtu wa lori anaweza kunifikisha Kakamega, anaondoka sasa hivi. Huko nyumbani kukoje?"

Nikakumbuka chifu. Nikakumbuka viatu vya Joash, bado viko mlangoni kwa Edah.

"Kukhu, unanisikia? Nije?"

"Nakusikia, baba."

Akacheka kidogo, kicheko chake kile kile. "Nikikuja imondo ni yangu, au kuna mgeni?"

Nikisema ni yako, anapanda lori. Nikisema kuna mgeni, ataelewa, atabaki huko mpaka wale aliowatoroka wamfikie. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kile nimekuwa nikimuulizanga tangu akiwa mdogo.

"Umekula?"

Nilisikia injini ikiwashwa, na mtu akiita.

"Bado, Kukhu," akasema, na simu ikakatika.

Nimepiga namba hiyo mpaka kidole kikafa ganzi. Haipatikani. Leo ni siku ya tano. Kila gari likipunguza mwendo hapo barabarani naacha ninachofanya, nasimama, na sijui kama naomba liingie au lipite.