Benchi la Tutakujulisha

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa tena kwenye usaili, nami nimevaa viatu vya dada Oliva, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Sikushangaa. Viatu vyangu vya usaili siku zote huwa vya kuazima.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ambalo si la ndoto. Miezi mitatu iliyopita nilifanya usaili wa kutunza stoo katika kampuni moja hapa Morogoro. Jina silitaji, maana bado wana mali yangu. Tangazo lilitaka vyeti halisi. Nikaenda na changu, dada wa mapokezi akasema, "Kiache hapo, tutakujulisha," na mimi kwa adabu zangu za kijinga nikakiacha. Cheti chenyewe, siyo kivuli. Tangu siku hiyo siwezi kuomba kazi kwingine, na kila nikipiga simu naambiwa bosi yuko kikaoni. Kwenda kukidai naogopa, nisije nikaonekana msumbufu wakaninyima kazi ambayo hata hawajanipa.

Basi, ndotoni nafika getini. Mlinzi ni lile tangazo la kazi lenyewe, karatasi ndefu kama mtu, ina pini kwenye pembe zote nne.

"Miaka mitano ya uzoefu iko wapi?" linaniuliza.

"Ninao mmoja."

"Ulete tuuone."

Nageuka na kumkuta Mwaka wangu wa kujitolea amesimama nyuma yangu. Ni mama mfupi, mnene, amevaa ndala, ameshika funguo za stoo. Wenzangu kwenye foleni wamekuja na miaka yao mitano mitano, imenona na imevaa tai. Kaka mmoja mbele yangu ameazima miaka miwili ya mjomba wake, nayo inamkana hadharani.

"Huyu ni mmoja tu," linasema Tangazo.

"Mmoja, ila nilifanya kazi ya watu wanne," anajibu Mwaka wangu. "Bila nauli, bila hata chai. Hebu tupishe, miguu inaniuma."

Tangazo linatupisha.

Ndani ya geti ni sebuleni kwa marehemu bibi yangu, Songea. Vitambaa vya kufuma vimetandikwa kwenye makochi kama alivyoviacha, ila kabati lake la vyombo limejaa vyeti vya watu. Wasaili ni watatu. Mwenyekiti ni koti la suti lililovalishwa kiti. Kulia kwake iko chupa ya maji ya baridi, inatoka jasho. Kushoto iko feni.

"Jieleze," linasema Koti.

"Naitwa Tekla Ngonyani, nimesomea..."

Feni inatikisa kichwa.

"Sijamaliza," nasema.

"Usinijali," inasema Feni. "Ndivyo nilivyotengenezwa."

"Izimeni basi, mtoto wa watu aongee," anasema Mwaka wangu, na bila kusubiri ruhusa anaibonyeza mwenyewe. Feni inasimama. Inashukuru, inasema shingo ilikuwa inaiuma tangu asubuhi.

Chupa ya maji inasogea mbele. "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

Nafungua mdomo nitoe lile jibu tunalolikariri wote, lakini Koti linavuta pazia la dirisha. "Usitutungie. Angalia halafu utuambie."

Naangalia. Nje ya dirisha la bibi ni korido ya ile kampuni, na kwenye benchi la mbao nne nimekaa mimi. Sketi ni hii hii. Kichwani nina mvi kama tatu hivi, mapajani nimepakata bahasha ya kaki.

"Vizuri sana," linasema Koti, linaandika. "Hajahama. Tunapenda mtu mvumilivu."

Hapo niliumia, na sioni haya kusema. Nilimhurumia yule dada wa kwenye benchi kuliko nilivyowahi kujihurumia mwenyewe. Nikavua viatu, nikapita dirishani.

Nikamwamkia, maana amenizidi miaka mitano. "Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa, usizibe njia."

Nikakaa. Mbao zilikuwa ngumu, zinauma kila mahali.

"Unasubiri nini?"

"Walisema watanijulisha."

"Nani?"

Akafikiri kidogo. "Yule dada wa mapokezi. Lakini alishaolewa, akahamia Iringa. Aliyemfuata naye kaondoka. Sasa hivi anayeijua ofisi hii vizuri ni mimi."

"Na cheti chetu?"

"Kimo kabatini. Nimeona si vizuri kuwasumbua."

Nilitaka kulia, kikatoka kicheko. Nilicheka hadi benchi likatikisika, naye akaanza kucheka, mwanzoni kwa kuziba mdomo.

"Dada, inuka twende."

"Na wakiniita?"

"Wataambiwa uko kikaoni."

Akainuka. Benchi nalo likainuka, likatufuata.

Tukarudi sebuleni. Cheti changu kilikuwa katikati ya visahani vya bibi. "Nilidhani umenisusa," kikaniambia. Nikafungua mlango wa kabati, na vyeti vyote vikatoka, kila kimoja kinamwita mwenyewe kwa majina matatu, kama siku ya mahafali. Vigelegele vikapigwa. Yule kaka wa miaka ya mjomba alipata cheti chake akakikumbatia. Chupa ikafunguliwa, na kwa mara ya kwanza nikaona waombaji wa kazi wanapewa maji. Mwaka wangu alicheza na ndala zake mpaka moja ikakatika. Yule dada alicheza pia, mvi zikawa zinampungua moja moja, mpaka nikashindwa kujua mimi ni yupi.

Nikaamka. Kumekucha, nina furaha ya mtu aliyetoka harusini.

"Wewe Tekla," akasema dada Oliva nilipokuwa nafunga khanga, "nyuma ya mapaja una nini?"

Nikageukia kioo. Mistari minne, mipana, imekolea, imenyooka kutoka paja hadi paja.

"Umelala kwenye nini?"

"Kwenye godoro."

"Godoro gani lina mbao?"

Nilimwomba viatu vyake.

"Usaili tena?"

"Hapana. Naenda kuchukua cheti changu."

Aliniangalia, akanimiminia chai, akanivutia kiti. Nikamshukuru, na chai nikainywa nimesimama.