Nani Alimuuza Sabra?

Huyo Raphaeli alikula pilau letu. Naanza na hapo kwa sababu ndipo panaponiuma. Alikula sahani mbili, akaomba na ukoko, nikamkwangulia mwenyewe sufuriani, mimi Zaitun, kwa mkono huuhuu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau anakupiga palepale. Huyu alingoja mwaka mzima.

Alikuja Tunduma kupiga picha madereva wa malori waliokwama foleni ya mpakani. Kijana wa Dar, mpole, kamera mbili shingoni, akapanga gesti jirani na duka langu la vitenge. Kila asubuhi, "Shikamoo, shangazi." Aliposikia namwoza Sabra, mtoto wa marehemu kaka yangu ambaye nimemlea tangu hajaota meno, akaniambia, "Shangazi, mpiga picha msitafute. Nitawapigia mimi, bure kabisa, iwe zawadi yangu kwa bibi harusi." Bure ghali. Mimi ni mfanyabiashara, nilipaswa kulijua hilo, lakini siku hiyo nilikuwa na furaha na mwenye furaha hapimi maneno. Akapiga picha toka asubuhi mpaka gari la bwana harusi lilipoondoka. Baada ya wiki akatuletea picha nzuri tu, watu wanacheka, watu wanakula, akaaga, akaenda zake.

Mwaka ukapita. Siku moja Habibu, mume wa Sabra, yuko na lori Nakonde upande wa Zambia, madereva wenzake wakamwonyesha picha kwenye simu. Ni yeye. Amesimama kando ya gari la harusi, miwani myeusi usoni, ameshika mlango. Mbele yake ni Sabra na shela lake, mdomo wazi, wanja umechuruzika mashavuni kwa machozi. Na pembeni kuna mkono wa mwanamke, una hina na pete tatu, umemkamata Sabra kifundo cha mkono. Uso wa mwenye mkono haupo. Uso huo ni wangu.

Chini wameandika kwa herufi kubwa: ALIYEUZWA. Halafu kwa ndogo: Binti wa miaka kumi na mitano akikabidhiwa kwa mnunuzi wake, mpakani Tunduma. Na kwamba njooni muione kwenye maonyesho ya kimataifa ya picha za sanaa, Dar es Salaam.

Kumi na mitano! Sabra ana ishirini na sita jamani. Ni fundi cherehani, ana mafundi wawili chini yake. Na huyo anayeitwa mnunuzi, Sabra ndiye aliyemtaka kwanza. Habibu alileta suruali ipunguzwe, mtoto akawa anaikosea makusudi ili mwanamume arudi. Suruali moja ilirudi mpaka ikawa kaptura.

Basi mji ukapata la kusema. Lisemwalo lipo, wakasema majirani, walewale waliocheza ngoma uani kwangu. Mteja wangu mmoja wa Nakonde, Mbemba, mwanamke wa utani sana, akaniuliza, "Bamayo," ndiyo mama kwa lugha yao, "mwingine umebaki naye?" Nikamfukuza dukani na kitenge chake. Yassir, mwenye malori, akamwambia Habibu akae pembeni kwanza mpaka maneno yapoe. Hayo yote ningeyameza.

Ila siku moja Sabra alikuja kwangu, akakaa juu ya robota la vitenge, akalia. Safari hii hakuna aliyemgusa.

"Shangazi, Habibu ameniuliza siku ile nililia nini."

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini, shangazi? Nilinyamaza. Sasa anasema kama nililazimishwa, yeye hawezi kuishi na mfungwa. Anasema ataniandikia talaka niwe huru. Tena anasema kwa upole. Bora angenipiga kelele."

Hapo damu ilinichemka. Maana jibu tulikuwa nalo, mimi na yeye, na tulikuwa hatuwezi kulitoa. Nitalisema sasa kwa kuwa nilikwisha kulifichua mbele ya umati. Kwetu mwari hatoki nyumbani akicheka. Akitoka macho makavu, watu watasema ana pupa ya mume, hakulelewa huyu, na aliyemlea ndiye anayechekwa. Sabra siku ile alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Kazi ya shangazi basi ni kumfinya. Unaingiza mkono chini ya shela, unatafuta nyama laini ya juu ya kiwiko, upande wa ndani, vidole viwili, unazungusha. Mimi nilifinywa na shangazi yangu, naye alifinywa na wake. Na jambo hili mwanamume haambiwi. Tunalishika wanawake peke yetu, chumbani, kwa kiapo. Akilijua mwanamume mmoja, machozi ya bibi zetu wote yanakuwa mchezo wa kuigiza.

Nikafunga duka. Nikamwambia Sabra, "Mwambie mumeo ajiandae, tunakwenda Dar." Niliwaza hivi: Raphaeli alimwona Sabra tangu asubuhi, alimwona akichekacheka hadi tukamkemea. Aseme yeye, kwa mdomo wake, mbele ya Habibu. Siri yetu ingebaki ilipo na ndoa ingepona.

Njia nzima Habibu hakuniangalia. Alinibebea begi, alininunulia maji, "Mama, kunywa," lakini macho alikuwa ameyaweka dirishani. Sabra alikaa katikati yetu akikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

Huko kwenye maonyesho, ukumbi mkubwa, baridi ya kiyoyozi, kuta nyeupe, picha kubwa kama milango. Watu wa mataifa yote wanatembea polepole na glasi mkononi, wanaongea kwa sauti ya msibani. Na ukutani kabisa, mbele, peke yake, taa tatu zimemmulika: mwanangu Sabra analia. Wanamtazama. Mmoja anainamisha kichwa upande huu, mwingine upande ule. Wallahi nilitamani kuubomoa ukuta.

Raphaeli alikuwa hapohapo, amevaa koti. Aliponiona aliishusha glasi.

"Shangazi! Karibu…"

"Usinikaribishe. Yule ni nani?"

"Shangazi, tuongee pembeni."

"Pembeni ulikokula pilau? Tutaongea hapahapa. Yule ni nani na ana miaka mingapi?"

Akaja mwanamke mmoja nadhifu, kadi kifuani, akasema anaitwa Justina na ndiye msimamizi. Akaniita mama, akanishika bega. "Mama yangu, tunaelewa uchungu wako. Lakini hii ni sanaa. Kila mtazamaji ana tafsiri yake."

"Umri nao una tafsiri?" nikamuuliza. "Wewe una miaka mingapi, nami nikutafsirie?"

Sabra akatoa kitambulisho chake, akampa. Justina akakisoma, akamtazama Sabra, akatazama ukutani, akakisoma tena. Akamgeukia Raphaeli.

Raphaeli akaanza kusema haraka haraka. Kwamba maandishi yalirekebishwa na watu wengine. Kwamba picha haimhusu Sabra kama Sabra. "Shangazi, wapo mabinti wanaouzwa kweli. Picha hii inawasemea. Watu wameumia kwa kuiona."

"Wapo," nikasema. "Najua kuliko wewe, mimi naishi mpakani. Basi ungekwenda kuwatafuta hao! Ulishindwa kuwapata ukaona umchukue wangu, aliyekupakulia nyama?"

Watu walishaanza kusogea. Simu zimeinuliwa. Nikaona sasa ndipo. Nikamwambia, "Raphaeli, yote hayo nakusamehe. Kitu kimoja tu. Mume wake huyu hapa. Mwambie ulichokiona asubuhi ile. Mwambie mtoto alikuwa anacheka au analia?"

Akamtazama Habibu, akaitazama picha yake, akazitazama simu za watu.

"Mimi… mimi nilipiga nilichokiona. Alikuwa analia."

Mshenzi mkubwa. Mshenzi wa kutupwa! Neno moja tu nililomwomba.

Habibu akasogea mbele. Tangu Tunduma hakuwa amesema sentensi nzima. "Mama, umri wake mimi naujua. Bosi akinirudisha au asinirudishe, Mungu yupo. Mimi nataka kujua alilia nini. Na kila ninayemuuliza ananyamaza." Akamgeukia mkewe. "Sabra, kama hukunitaka, niambie hapa. Sitakulaumu."

Sabra akanitazama. Aliniomba kwa macho, na mimi nilijua ananiomba nini. Nikawakumbuka shangazi zangu wote waliomo makaburini. Nikasema moyoni, mtanisamehe, mficha uchi hazai.

"Habibu mwanangu," nikasema, "njoo karibu uone alichokuwa analilia."

Nikamshika Raphaeli kifundo cha mkono kwa mkono wangu wa kushoto, pete zangu tatu zilezile. Wa kulia nikaupenyeza ndani ya koti lake. Nikaipata ile nyama. Vidole viwili. Nikazungusha.

Loo! Alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Kariakoo. Machozi yakamtoka palepale, makubwa, yakateremka hadi kidevuni. Akataka kujinasua, sikumwachia.

"Haya, mpigeni picha!" nikawaambia wale wenye simu. "Huyu hapa analia! Mkono unaonekana, umemkamata! Mwandikieni chini: Aliyeuzwa! Mwandikieni ana miaka kumi na mitano! Nani amemuuza? Amenunuliwa na nani? Mbona hamuulizi?"

Wakapiga. Hata wale wasiojua Kiswahili walipiga. Mzungu mmoja aliiangalia picha ya ukutani, akauangalia mkono wangu, akashika mdomo. Justina alikwenda mwenyewe akabandua yale maandishi ukutani kwa kucha, halafu akaita vijana waje waiteremshe picha. Na Habibu, aliyekuwa amesimama kama mshtakiwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akachuchumaa chini kwenye sakafu ya watu, ameshika tumbo.

"Kufinywa!" anasema. "Ya Rabi, kumbe kufinywa! Na mimi nimekonda!"

Tulitoka nje, tukakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani tukinywa juisi ya miwa. Habibu alikuwa amemshika Sabra mkono hadharani, kitu ambacho kwetu hakifanywi, nikajifanya sioni. Kila akinyamaza kidogo kicheko kinamrudia. Mimi hasira bado ninayo, na aibu ya siri nilizozimwaga inaanza kunipata.

Sabra akasema, "Shangazi, nikwambie kitu?"

"Sema."

"Ulinifinya, ni kweli. Ila ulichelewa."

"Nilichelewa vipi?"

"Nilikuwa nimeshaanza kulia. Tulipofika kwenye gari ulinishika hapa kwenye kifundo, ukawa huniachii. Habibu amefungua mlango, watu wananiambia panda, na wewe unanivuta kurudi nyumbani. Nikakutazama usoni. Ndipo nikalia."

"Muongo wewe," nikasema. "Mimi nilikuwa nakusindikiza."

Habibu akaacha kucheka. "Mama," akasema taratibu, "vidole vyako nilivifungua mimi. Kimoja kimoja. Nilidhani unakumbuka."

Sikuwa nakumbuka. Nakumbuka hina, nakumbuka vigelegele, nakumbuka nyumba ilivyokuwa usiku ule nilipozima taa na chumba chake hakina mtu. Lakini mkono wangu kumvuta, hapana. Nikaitafuta ile picha kwenye simu ya Sabra nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza, bila yale maandishi. Ni kweli. Mwili wa mtoto umeelekea kwenye gari. Mkono wangu unamvuta kwetu.

Nikalia, na mimi hakuna aliyenifinya.

Halafu hasira ikarudi, tena mara mbili yake. Maana Raphaeli alikuwa mbele yetu, hatua chache tu, na jicho lake lile la kamera. Aliuona mkono ule. Aliuona kabla yangu mimi mwenye mkono. Aliona mwanamke hataki kumtoa mtoto wake, akaenda akaandika kwamba amemuuza.

Nikampa Sabra glasi yangu, nikajifunga mtandio kiunoni, nikasimama.

"Mama, unakwenda wapi?" Habibu akauliza.

"Narudi ndani," nikamwambia. "Mkono wake wa pili sijaufinya."