Asubuhi ya Mama Vadivu

Usiku wa kuamkia leo nimeota, na anayetaka kucheka acheke kabisa sasa hivi amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye banda la video hapa Mikindani. Nashika kipaza sauti, waigizaji wanasema Kitamil chao, mimi nasema Kiswahili, sauti zote peke yangu. Kitamil sijui hata salamu, lakini watu wanalia panapostahili, basi mnataka nini zaidi? Filamu inayonipa jina ni moja ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mama Vadivu, mjane, anafua nguo za watu mpaka mwanawe Sundaram anakuwa wakili. Halafu mama anaugua, Sundaram anakuja mbio na dawa, anajikwaa ngazini, chupa inavunjika, mama anakufa. Hapo banda zima ni kwikwi.

Basi niko jikoni kwa Mama Vadivu. Kila kitu cheusi na cheupe, hata pilipili. Mwenye rangi ni mimi tu, na kikoi changu cha kijani kinanitia aibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," anajibu, kwa sauti yangu mwenyewe, nzito, yenye mafua. "Nimechoka kufa."

Nikampa pole. Ningesema nini?

"Nimekufa mbele ya babu zako, nikafa mbele ya baba zako. Nikishakufa tu, najikuta tena mtoni nafua. Kesho yake sijaiona hata mara moja. Nataka asubuhi moja tu, niamke nikute kumekucha."

Jamani, mimi ni mtu mzima, lakini nililia. Nikaigeukia ngazi kwa hasira: "Na wewe, kwa nini unamkwaza mwenzio?"

"Ndivyo nilivyopangiwa," inasema ngazi. "Sina kinyongo naye."

"Mimi huvunjika hata kabla ya kuanguka," inasema chupa ya dawa. "Ni woga tu."

Mvua inaanza kunyesha humo humo jikoni, maana wimbo wa huzuni umeanza. Anaingia mzee mmoja mnene, amejiviringaviringa kama zile herufi za Kitamil zinazofunga filamu, wala halowi.

"Naitwa Mwisho," anasema. "Wimbo ukiisha namchukua mama. Msijisumbue kunipikia."

Jiko sasa ni mahakama. Hakimu ni pangaboi, ile feni ya darini, anazunguka taratibu. Sundaram anamtetea mama yake kwa hotuba ndefu bila kuvuta pumzi, mpaka anaanza kubadilika rangi, ingawa rangi yenyewe hana.

"Maneno matamu," anasema Hakimu Pangaboi, "lakini sheria ni moja, na kila mtazamaji anaijua. Steringi hafi. Steringi ni nani?"

"Mimi," anasema Sundaram kwa sauti ndogo.

"Nani kasema?"

Wote wananigeukia. Haya! Ni kweli, kila Jumamosi natangaza: steringi wetu ni kijana huyu mwenye nywele za mafuta. Vijana hupiga miluzi, nami nikipigiwa miluzi huwa sisikii la mtu. Sasa nikapiga hesabu upya. Anayefua ni mama. Anayepika, anayelia, anayesubiri mlangoni, ni mama. Sundaram kaimba nyimbo zake na kuanguka ngazini, basi.

Wimbo umebaki ubeti mmoja. Mama Vadivu ameshajilaza kitandani tayari, shingo kaigeuza upande, kwa mazoea. Roho iliniuma. Nikashika kipaza sauti, kizito kama kinu, nikasema: "Steringi wa filamu hii ni Mama Vadivu!"

Na kwa kuwa sauti zote ni zangu, hakimu, ngazi, chupa, Sundaram, na hata Mwisho mwenyewe, wote wakatamka pamoja nami. Mwisho akaziba mdomo kwa mkono. Tayari neno limeshamtoka.

"Lakini mimi sirudi mikono mitupu," akasema kwa uchungu. "Lazima afe mtu."

Sundaram anatazama viatu vyake. Mimi natazama kikoi.

"Tuchukue sisi," yakasema masharubu ya adui, yule mwenye mashamba anayemtesa mama filamu nzima.

"Msiniache!" adui akapiga yowe. "Bila ninyi nani ataniogopa?"

Masharubu hayakusikia. Yalimwomba radhi kila mtu, yakaaga, yakakumbuka jambo, yakaaga tena, kisha yakalala upande wa kushoto. Mwisho akayatia mfukoni, akaondoka akinung'unika.

Mama Vadivu akaketi kitandani. Hakujua afanye nini, maana hajawahi kufika hapo. Akanishika kichwa, akasema, "Nenda kalale, mwanangu. Mimi nasubiri jua."

Nikaamshwa na mke wangu Hadiya anagomba mlangoni.

"Baba Nasra, nani kamwaga unga hapa?"

Nikatoka. Haukuwa umemwagwa. Vilikuwa vitone vyeupe vimepangwa, na mistari imevizunguka mpaka ikawa ua, na kuku wameshaanza kulidonoa. Unga wa mchele. Kwetu upo wa muhogo tu.

Nimewaona kwenye filamu zao. Mwanamke wa kule, akiamka tu, huchora maua ya unga mlangoni kila kunapokucha. Nyumba yenye msiba ndiyo haichorwi.

Hadiya alikuwa na ufagio mkononi. Nikamwomba asifagie kwanza, nikafukuza kuku.