Muhuri wa Siku ya Nane

Masjala ya mahakama kuu ilikuwa na dirisha moja tu la kupokelea majalada, na nyuma ya dirisha hilo, kwa miaka ishirini na sita, alikaa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Bi Mapema. Hawakumbandika jina hilo kwa ubaya. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa wa kuwahi. Kazini alifika mlinzi akiwa bado anahangaika na kufuli la geti, nguo za Jumatatu alizipiga pasi Ijumaa, na akialikwa harusi ya saa nane, saa sita ameshakaa kiti cha mbele anawatazama wapanga viti.

Muhuri wake ulikuwa ule wa chuma, wenye vigurudumu vya tarehe vya kuzungusha kwa kidole. Utaratibu ni kuvizungusha asubuhi, kabla ya kufungua dirisha. Lakini mwaka wake wa pili kazini alisahau, akagonga asubuhi nzima tarehe ya jana, na msajili wa wakati ule akamsema mbele za watu mpaka akalia. Tangu siku hiyo akajiwekea sheria yake mwenyewe. Ikigonga saa tisa na nusu mchana, watu wakishapungua, anaweka kabisa tarehe ya kesho. Mtu akitokea baada ya hapo, anarudisha kigurudumu nyuma, anagonga, kisha anakipeleka tena mbele. Najua, najua. Hata mimi ningemuuliza, mama, si usubiri tu ufunge dirisha ndipo uzungushe? Lakini mtu na mazoea yake humwezi, na kwa miaka ishirini na nne mazoea hayo hayakumdhuru yeyote.

Basi ukaja uchaguzi mkuu. Tume ya uchaguzi ikatangaza mshindi, aliyeshindwa akasema kura zimechezewa, na sheria ikampa siku saba za kufungua kesi. Siku saba kamili, hakuna cha nyongeza. Siku ya saba, saa tisa na dakika hamsini, wakili wake akatokea dirishani na maboksi matano, shati limemganda mgongoni, anahema hata salamu haitoki. Dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi. Bi Mapema alimwonea huruma. Akakamata muhuri, akagonga nakala zote sita, akatia saini, akamwambia, "Haya baba, pumua sasa. Umewahi."

Wakili alishukuru kama mtu aliyetolewa majini, akaenda zake bila kuangalia kilichogongwa. Na nani anaangalia tarehe, siku ambayo anajua vizuri ni tarehe ngapi? Ila kigurudumu hakikurudishwa nyuma. Kwa haraka ile ya kumwokoa mtu, Bi Mapema alisahau, na muhuri ukasema siku ya nane.

Daftari la mapokezi nalo halikusaidia. Majalada yaliyoingia jioni yaliandikwa kesho yake, tena na karani mwenzake, kijana wa kunakili anachokiona na kuwaza mengine. Aliona siku ya nane, akaandika siku ya nane.

Wiki mbili baadaye mawakili wa Tume wakasimama mbele ya majaji na pingamizi: kesi imeletwa nje ya muda, muhuri huu hapa, daftari hili hapa, itupwe kabla haijasikilizwa. Wakili wa mlalamikaji akaapa kwamba aliwahi. Majaji wakaamuru karani aliyepokea aje kesho saa tatu asubuhi, aseme mwenyewe alipokea lini.

Bi Mapema aliyasikia hayo kwenye redio ya ofisini, chai iko mkononi. Hakuhitaji kukumbuka sana. Neno lake mwenyewe lilimrudia masikioni, umewahi, akaweka kikombe chini. Alikuwa amejisifu mara ngapi kwamba hajawahi kukosea? Mara nyingi mno, na mbele ya watu wale wale.

Saa haikupita, msajili akamwita ofisini. Huyu wa sasa alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa mambo yamfikie mezani.

"Ulikosea?" alimuuliza. Kabla hajajibiwa akanyanyua mkono. "Basi, usiniambie. Kesho utasema hivi: unapokea majalada mengi kwa siku, huwezi kukumbuka moja moja, kumbukumbu yako ni muhuri. Hapo hujasema uongo."

"Na nikisema vingine, mzee?"

"Utaulizwa umepewa nini na nani. Na umebakiza miezi mitano ustaafu. Sikutishi, dada yangu. Nakukumbusha tu."

Alikuwa anamtisha, tena mchana kweupe, ila kwa adabu.

Angekuwa msajili peke yake, Bi Mapema angemmudu. Tatizo lenyewe alilikuta sebuleni kwake saa kumi na moja, limekaa ukingoni mwa kochi, viatu havijavuliwa. Ni mdogo wake, Baba Mapacha. Mama yao alifariki huyu ana miaka minne na dada ana kumi na tisa. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamwandikisha shule, akawakatalia wachumba wawili kwa sababu hawakumtaka na mtoto wa watu. Mdogo akasoma, akawa ofisa wa serikali, na kwenye uchaguzi huu Tume ikamteua kuwa msimamizi wa jimbo. Jimbo lake ndilo lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya majimbo ambayo mlalamikaji alisema hesabu zake zimepikwa. Bi Mapema alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kumuuliza, maana aliogopa jibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu." Alikuwa amekonda, kola ya shati inampwaya. "Dada, hili la muhuri Mungu mwenyewe ameniokoa kupitia mkono wako. Kesho sema tu hukumbuki. Sikuombi kingine, leo wala siku nyingine."

Bi Mapema aliweka mkoba chini. "Zile fomu za matokeo ulizibadilisha?"

Baba Mapacha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza mimi, siyo jaji."

"Nilipigiwa simu kutoka makao makuu," alisema, akiangalia sakafu. "Mtu wa juu. Akanisomea tarakimu, akasema andika hizi. Nikamwambia karatasi za vituo zinasema vingine. Akaniuliza mapacha wangu wako darasa la ngapi. Shule akaitaja kwa jina, dada. Mimi sikuwa nimemtajia."

"Ukaandika."

"Nikaandika. Wewe ungefanyaje?"

Hasira zilimpanda Bi Mapema, kwanza kwa yule wa kwenye simu, halafu kwa mdogo wake, halafu kwake mwenyewe, maana ni yeye aliyemfundisha tangu utotoni kwamba mkubwa akisema unaitika. Alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

"Kesi ikisikilizwa fomu zitafunguliwa," Baba Mapacha aliendelea. "Saini ni yangu mimi. Yule wa kwenye simu hana hata alama. Nitafungwa."

"Na wale waliopanga foleni juani tangu alfajiri? Kesi yao ife kwa sababu ya kidole changu mimi?"

"Kwa hiyo utasema."

"Nitasema kosa langu. Tarehe niliyokosea mimi, basi. Jina lako halitatoka mdomoni mwangu, nakuapia."

Mdogo mtu akasimama, akatoka bila kuaga. Tangu ajifunze kusema, hakuwahi kutoka nyumba hiyo bila kumuaga dada yake.

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Maofisa wa Tume walipangwa mabenchi ya nyuma, na Baba Mapacha alikuwa miongoni mwao. Bi Mapema alikula kiapo, akajikaza kisabuni, akaeleza yote: vigurudumu, saa tisa na nusu, yule msajili wa zamani aliyemliza, huruma yake kwa wakili. Kuna waliocheka kidogo nyuma. Wacha wacheke. Alieleza mpaka mwisho.

Ndipo akasimama wakili wa Tume, mtu wa maneno laini, bingwa wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama yetu, nakupa pole kwa kazi ngumu. Miaka ishirini na nne unazungusha tarehe kinyume cha utaratibu, na hujakosea. Ukaja kukosea siku moja, kwenye kesi moja, kubwa kuliko zote nchini, na kosa lenyewe leo linaufaa upande mmoja. Umepewa nini?"

"Sijapewa kitu."

"Basi unafaidika nini?"

"Sifaidiki."

Wakili aliwageukia majaji, akainua mabega. Bi Mapema aliona wazi kwamba wanamwamini yule wakili. Jaji kiongozi, mwanamke wa makamo, alivua miwani.

"Mama, tunaombwa tuuweke kando muhuri wa mahakama yenyewe, tushike neno lako. Hatuna kitu kingine. Sasa nakuuliza, na kumbuka kiapo chako: una uhusiano wowote na upande wowote wa kesi hii?"

Neno dogo tu lilihitajika. Hapana. Msajili alikuwa amesimama mlangoni, anamkazia macho. Nyuma kabisa mdogo wake alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, kama anavyombembeleza mtoto asilie. Akisema hapana, kesi inakufa, na yeye ameapa uongo. Akisema kweli, amemuuza mtoto aliyembeba mgongoni.

"Ninao," alisema.

Wakili wa Tume alitabasamu. "Na mlalamikaji?"

"Na nyinyi. Msimamizi wa lile jimbo la kwanza kwenye orodha ni mdogo wangu, nimemlea mimi. Kesi ikitupwa leo, yeye anapona. Ikisikilizwa..." Akamgeukia jaji kiongozi. "Mheshimiwa, ningekuwa natafuta faida, ningesema sikumbuki."

Majaji waliinamiana, wakanong'ona, na hawakuchukua muda. Kesi ililetwa siku ya saba. Pingamizi limetupwa. Tume ilete fomu halisi, ianze na jimbo la kwanza, na msimamizi wa jimbo hilo abaki chini ya ulinzi wa mahakama mpaka atoe ushahidi.

Wakili wa mlalamikaji alimjia mbio kumshika mkono. Bi Mapema alimpita kama hamwoni, akaenda moja kwa moja benchi la nyuma. Askari alikuwa ameshafika. Baba Mapacha alitoa mfukoni funguo za gari, akazitazama, akamkabidhi dada yake bila kumwangalia usoni.

"Mapacha wanatoka shule saa saba," alisema. "Mama yao yuko safarini. Kawachukue wewe, wasikae getini."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli, dada. Si umeshaanza."

Askari akamwambia waende, akaenda. Bi Mapema alitoka nje juani, akaliona gari, akakaa kwenye usukani muda mrefu bila kuliwasha, akijaribu kutafuta neno la kwanza la kuwaambia watoto, na hakulipata.